Vita Vilivyoingia Ghalani

Wageni wanaofika Kolo siku hizi huja kwa ajili ya michoro ya miambani. Louis na Mary Leakey waliinakili mwaka 1951, na mwaka 2006 UNESCO ikaitia michoro ya Kondoa katika orodha ya urithi wa dunia. Ni wachache wanaouliza habari za upande wenyewe wanaopitia, huu wa kutoka Babati kwenda Kondoa mjini. Aprili 1916, katika vita vya kwanza vya dunia, wapanda farasi wa Afrika Kusini walishukia huku, wamelowa mvua ya masika, farasi wao wakiangukia njiani, wakaenda kuuteka mji wa Kondoa. Kwa zaidi ya miezi miwili baada ya hapo majeshi mawili ya kigeni yalikaa Irangi, nchi ya Warangi, yakitazamana, na vitabu vya vita vikapata sura fupi iitwayo mapigano ya Kondoa-Irangi. Katika sura hiyo wamo majenerali, imo mizinga, wamo hata farasi. Wenyeji hawamo, au wamo kama vichaka vya mandhari. Msomaji huondoka akidhani kwamba vita vile viliwapita tu, na kwamba mkulima wa Kirangi au mfugaji wa Kigogo hakuwa na rai yoyote juu ya ugomvi wa Mwingereza na Mjerumani. Naona si kweli. Watu wa uwanda wa kati walikuwa na rai juu ya vita, wakati ule na baadaye, na waliifikia kwa vipimo vyao wenyewe: vita vimechukua nini, vimekichukuaje, na aliyechukua amerudisha nini. Nani kashinda lilikuwa swali la mbali.

Tuanze na waliotumwa. Jan Smuts alishika uongozi wa majeshi ya Uingereza Afrika Mashariki mwezi Februari 1916, na baada ya kuiteka Moshi akamtuma Jaap van Deventer apenye kusini hadi katikati ya koloni. Van Deventer aliondoka Arusha tarehe 3 Aprili. Kwenye kilima cha Lolkisale, penye maji, alikizingira kikosi cha Wajerumani na watu zaidi ya 400 wakasalimu amri. Tarehe 19 akaingia Kondoa. Kwenye ramani ulikuwa ushindi mkubwa wa wiki mbili na ushei. Ardhini, mbung'o na maradhi ya farasi yalikuwa yamelikata jeshi lake nusu kabla adui hajafanya kazi hiyo. Waliobaki walikuwa vijana wa kujitolea, wengi wao walioambiwa kwao kwamba kazi ya huku itakuwa ya miezi michache. Kikosi cha 9 cha askari wa miguu wa Afrika Kusini, kilichokuwa katika brigedi iliyopelekwa upande wa Kondoa, kilianza Februari kikiwa na watu 1,135. Kufikia Oktoba waliofaa kusimama kazini walikuwa 116, na wengi wa waliokosekana hawakuangushwa na risasi. Mwishoni mwa mwaka Smuts alianza kuwarudisha kwao, wamekondeana kwa malaria na kuhara damu. Mwenyewe aliondoka Januari 1917, akautangazia ulimwengu kwamba vita vya Afrika Mashariki vimekwisha kwa sehemu kubwa. Vilidumu karibu miaka miwili zaidi. Manung'uniko yaliyozuka Afrika Kusini juu ya hali ya askari wale yameandikwa vizuri, kwa sababu Afrika Kusini ilikuwa na magazeti, bunge na vyama vya kugombana.

Irangi haikuwa na magazeti. Lakini ilikuwa na kitu ambacho majeshi yote mawili yalikihitaji kuliko risasi, nacho ni chakula. Hapa hesabu ndogo inaeleza mengi kuliko maelezo ya majenerali. Kutoka Moshi hadi Kondoa ni zaidi ya kilomita 300. Masika ya mwaka ule yalivunja madaraja na kuyazamisha magari kwenye tope, kwa hiyo sehemu kubwa ya mzigo ilirudi mabegani mwa watu. Mpagazi alibeba kama kilo 25 na alihitaji karibu kilo moja ya unga kwa siku. Akitembea kilomita 20 kwa siku, ambao ni mwendo wa kusifiwa penye matope, anafika Kondoa siku ya kumi na tano akiwa amekwisha kula zaidi ya nusu ya mzigo wake, na akitakiwa arudi Moshi, kilichobaki hakimtoshi yeye mwenyewe. Yaani jeshi lililofika Kondoa kwa njia ile halikuweza kulishwa kutoka Moshi hata kama maofisa wote wa ugavi wangekuwa malaika. Smuts mwenyewe alikiri katika ripoti yake kwamba kwa wiki kadhaa askari wa Van Deventer waliishi kwa chakula kilichokusanywa palepale. Maneno hayo yameandikwa kwa kalamu nyepesi sana. Kilichokusanywa palepale kilikuwa cha mtu.

Upande wa pili nao haukuja na kapu lake. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, aliacha sehemu ya watu wake kaskazini, akawaleta wengine kama 4,000 hadi reli ya kati na kisha Kondoa, na usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Mei akajaribu kuutwaa mji. Askari wake walipanda mara kwa mara vilima vilivyoshikwa na askari wa miguu wa Afrika Kusini, wakarudishwa kila mara. Kapteni von Kornatzki aliuawa, von Bock akajeruhiwa vibaya. Baada ya usiku ule hapakuwa tena na shambulio kubwa. Palikuwa na mizinga, mmojawapo ukiwa umeopolewa kutoka manowari ya Königsberg iliyozamishwa Rufiji mwaka uliotangulia, na palikuwa na kukaa. Walikaa mpaka mwishoni mwa Juni. Sasa mtu yeyote anayejua kilimo cha uwanda wa kati ajiulize Mei na Juni ni miezi gani. Mvua ni moja huku, huanza karibu na Desemba na kukatika Aprili. Mei na Juni uwele na mtama hukauka shambani na kupelekwa ghalani. Maelfu ya wapiganaji, pamoja na wapagazi wao na, kwa upande wa Wajerumani, wake na watoto wa askari, walipiga kambi Irangi katika majuma yaleyale ya mavuno. Kwa Lettow-Vorbeck Irangi ilikuwa nchi ya neema iliyostahili kupiganiwa. Alikuwa na haki ya kuisifu. Lakini sifa hiyo ndiyo iliyoiponza.

Pingamizi la kwanza linatokea kwa wale wanaowatazama askari wenyewe. Wanasema: mbona askari weusi wa Mjerumani walipigana miaka minne bila kuyumba? Tarehe 25 Novemba 1918, Lettow-Vorbeck aliposalimu amri Abercorn, Mbala ya leo, alikuwa bado na askari zaidi ya 1,100. Je, si ushahidi kwamba Waafrika walivikubali vita vile na kuvipenda? Ni ushahidi, ila wa jambo jingine. Mwaka 1916 alikuwa na askari zaidi ya 11,000. Waliokufa, waliotekwa na waliopotea ni wengi; lakini zaidi ya 2,000 walitoroka kwa miguu yao, na hawakutoroka ovyoovyo. Wengi wa Wanyamwezi waliokuwa chini ya jenerali Wahle waliondoka mmoja mmoja baada ya Tabora kuanguka Septemba 1916, jeshi lilipoanza kuiacha nchi ya kwao nyuma. Kabla ya vita askari alilipwa mshahara mnono kwa kipimo cha wakati ule, rupia kama 30 kwa mwezi, akawa na mke, mtumishi na heshima ya kuogopwa. Mshahara ulipogeuka kuwa ahadi ya karatasi, na nyumba ikabaki mikononi mwa adui, mkataba ulikuwa umekwisha hata kama hakuna aliyeutangaza. Tena mwaka 1917 Waingereza waliunda upya kikosi cha 6 cha King's African Rifles kwa kuandikisha askari waliokuwa wa Mjerumani. Mtu aliyevaa kofia ya Kaiser mwaka jana akavaa ya Mfalme mwaka huu, na sioni sababu ya kumwita msaliti. Alikuwa fundi wa vita, na fundi hufuata kazi. Hata Ujerumani ilielewa hivyo hatimaye: mwaka 1964, mwaka aliofariki Lettow-Vorbeck, Ujerumani Magharibi iliamua kuwalipa wazee waliosalia malimbikizo yao. Deni lilikuwa la mshahara.

Pingamizi la pili ni gumu zaidi. Linasema kwamba kuchukuliwa chakula si kuwa na maoni. Ng'ombe anayeswagwa naye huchukuliwa. Ni kweli hatuna barua kwa mhariri kutoka Kolo ya mwaka 1916. Lakini maoni ya mtu asiye na gazeti wala kura huonekana katika yale anayoyafanya pale mtawala anapotaka kitu. Maofisa wa pande zote mbili wamejaza kumbukumbu zao kwa malalamiko yaleyale: wapagazi wametoroka usiku, kijiji kimekutwa kitupu, mifugo imepelekwa porini, jumbe ameahidi watu hamsini na kuleta wanane. Wakoloni waliyaita mambo hayo uvivu na hila. Ukiyasoma pamoja, kutoka wilaya hadi wilaya, yanakuwa jibu moja kwa swali moja. Na tusisahau kwamba mambo ya askari hayakuwa mageni kwa watu hawa. Miaka kumi kabla yake, Vita vya Maji Maji vilizimwa kusini kwa kuchoma vihenge na kuacha njaa imalizie kazi ya bunduki, na habari za aina hiyo husafiri haraka katika nchi ya misafara. Mzee wa Kondoa aliyeficha mtama wake mwaka 1916 hakuhitaji kuijua ramani ya Ulaya ili ajue anafanya nini.

Bei kubwa zaidi ililipwa kusini ya Irangi, huko Ugogo. Reli ilikuwa imefika Dodoma mwaka 1910, na pale ilipoleta biashara ndipo ilipoleta pia maombi ya jeshi. Wajerumani walichukua ng'ombe, nafaka na watu tangu mwaka wa kwanza wa vita. Van Deventer alipoingia Dodoma tarehe 29 Julai 1916 Wagogo walipata mtawala mpya mwenye mahitaji yaleyale: ng'ombe wa kuchinjwa, unga, na wapagazi wa kupeleka mizigo kusini, upande wa Iringa na Ruaha. Kazi hiyo iliua. Mpagazi alipewa unga wa mahindi ambao tumbo lake halikuuzoea, hana kuni wala muda wa kuupika, akaula nusu mbichi. Kuhara damu kukafuata. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Uingereza waliokufa, kwa hesabu rasmi peke yake, wanakaribia 95,000, na wanahistoria wengi huiona hesabu hiyo kuwa ndogo. Kisha ikaja njaa ambayo Wagogo wanaiita Mtunya, kuanzia 1917 hadi 1920, na katikati yake ule ugonjwa wa mafua wa mwaka 1918 uliosafiri na askari na garimoshi. Inakadiriwa kwamba watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000. Ni mmoja kati ya watano. Waliosalia walihama, na wengine waliweka watoto rehani kwa wenye chakula ili wote waishi.

Hapa ndipo anaposimama mwenye pingamizi la tatu na kusema: njaa huletwa na mvua, si na vita, na Dodoma ni nchi kame tangu enzi. Mvua zilikosekana kweli, nami sitaki kuificha hoja hiyo. Lakini ukame ni jambo ambalo watu wa uwanda huu walikuwa wamelizoea kwa karne nyingi na kuliwekea utaratibu. Hapohapo Kolo, mwamba wa Mungomi wa Kolo ni mahali pa tambiko ambapo Warangi wamekuwa wakiomba mvua chini ya michoro ambayo hawakuichora wao. Mbali na maombi palikuwa na mipango ya dunia hii. Mgogo hakuwaweka ng'ombe wake wote zizini kwake. Aliwakabidhi kwa ndugu na marafiki mbalimbali, na mwaka mbaya aliwabadilisha kwa nafaka kwa majirani waliopata mvua, mara nyingi Warangi wa milimani. Utaratibu huo ulihitaji vitu vitatu: ng'ombe, vijana wa kulima na kusafiri, na jirani mwenye ziada. Vita vilichukua vyote vitatu. Ng'ombe walikuwa wamechinjwa, vijana walikuwa njiani na mizigo au kaburini, na ghala la Irangi lilikuwa limekwisha kuliwa na Van Deventer na Lettow-Vorbeck. Mvua ilipokatika iliwakuta watu waliokwisha kuvuliwa nguo. Kuilaumu mbingu peke yake ni kuwasamehe makamanda bila kuombwa.

Maoni yaliyobaki vitabuni ni ya wengine. Machi 1919 Lettow-Vorbeck alipita Berlin kwa shangwe kama kamanda asiyeshindwa, na katika miaka iliyofuata habari za askari mwaminifu zikawa hoja ya Wajerumani waliotaka warudishiwe koloni. Waingereza nao walisimamisha sanamu ya askari Dar es Salaam mwaka 1927, mahali ilipo hadi leo, na kambi ya wapagazi ikauachia mtaa wa Kariakoo jina lake. Majina ya wapagazi wenyewe hayakuandikwa. Aprili 2021 tume inayotunza makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti ikikubali kwamba waliokufa katika vita vya kwanza vya dunia, hasa Waafrika wakiwemo Wamisri, kati ya 116,000 na labda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Askari wa Afrika Kusini aliyekufa kwa malaria Kondoa ana jina lake kwenye jiwe.

Vita vya pili vya dunia nivipitie haraka, maana vinaithibitisha hoja kwa upande wa pili. Tanganyika ilitoa askari kama 87,000, na baadhi yao walifika hadi Burma, ambako divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita bonde la Kabaw mwaka 1944 katika mvua na malaria. Kulikuwa na malalamiko mengi, juu ya mishahara isiyo sawa na juu ya kurudi nyumbani na kukuta hakuna kazi. Lakini safari hii askari aliweza kukatwa sehemu ya mshahara ikapelekwa bomani kwa mkewe, barua zilikwenda na kurudi, na magazeti ya Kiswahili yalikuwepo. Vita vilichukua, na vilirudisha kidogo.

Pingamizi la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote: Kagera. Jeshi la Idi Amin wa Uganda liliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akawaambia wananchi kwamba sababu ya kumpiga ipo, uwezo upo na nia ipo. Nchi nzima ilisimama. Vijiji vya Dodoma, ambavyo vilikuwa vimepangwa upya kwa nguvu katika Operesheni Dodoma miaka michache tu kabla, vilitoa mgambo kama vingine. Ng'ombe, nafaka na fedha vilichangwa. Magari na mabasi ya mashirika na ya watu binafsi yalichukuliwa kupeleka askari Kagera. Kampala ilianguka tarehe 11 Aprili 1979. Ikiwa watu wa uwanda wa kati wanapima vita kwa ghala, mbona hapa walilifungua ghala wenyewe? Jibu la kawaida ni uzalendo, nami siukatai. Lakini uzalendo nao una masharti, na mwaka 1978 masharti yalitimizwa. Sababu ilielezwa, kwa lugha inayoeleweka hadi kwa mwenye redio moja kijijini. Maombi yalipitia kwa balozi wa nyumba kumi na mwenyekiti wa kijiji, watu wanaojulikana na wanaoweza kuulizwa. Aliyeitwa vitani alikuwa mtoto wa pale aliyekwenda na silaha ya nchi yake. Hakuwa mpagazi asiyejua mzigo ni wa nani. Tusijidanganye pia kwamba michango yote ilikuwa ya hiari kamili. Chama kimoja kinapoomba, kukataa si rahisi. Lakini hata mwenye shaka hiyo atakubali kwamba mwaka 1916 hakuna aliyejisumbua hata kujifanya anaomba.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba kipimo hakikuwa kimebadilika. Vita viligharimu fedha zilizokadiriwa kuwa dola milioni 500, katika nchi ambayo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilikuwa imeivunjikia mwaka 1977 na bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Mwalimu aliomba wananchi wafunge mkanda kwa miezi 18. Miezi hiyo ilipita, sukari, sabuni na khanga zikaendelea kupotea madukani, na majeshi yetu yalibaki Uganda hadi 1981. Heshima kwa askari haikupungua. Siku ya Mashujaa, tarehe 25 Julai, bado ina uzito wake. Kilichopungua ni utayari wa kuambiwa kwamba dhiki ni ya vita. Kufikia mwaka 1983, Waziri Mkuu Edward Sokoine alipoanza kuwasaka wahujumu uchumi, watu walikuwa wanataka mkosaji mwingine aliye karibu zaidi, na serikali ilijua hivyo.

Siku hizi askari wa Tanzania wanapelekwa mbali kwa sababu nyingine. Tarehe 7 Desemba 2017, kambi ya kikosi cha Umoja wa Mataifa huko Semuliki, mashariki ya Kongo, ilishambuliwa na waasi wa ADF na wanajeshi wa Tanzania wasiopungua 14 wakauawa. Nchi iliomboleza, kisha mazungumzo yakapungua upesi kuliko mtu angetarajia. Wapo wanaosema Watanzania hawajali. Kwa hoja niliyoieleza hapa, jambo ni rahisi zaidi: vita vya aina hii haviombi chochote kijijini, wala gunia wala ng'ombe, isipokuwa mtoto wa nyumba moja moja, na nyumba hiyo hulia peke yake. Katiba yetu, ibara ya 44, inamtaka Rais akitangaza hali ya vita tangazo lipelekwe kwa Spika, na Bunge likutane ndani ya siku 14 kuamua kama linaliunga mkono. Bunge hilo hukaa Dodoma, mwendo wa saa chache kutoka Kolo. Kupeleka kikosi cha kulinda amani si kutangaza vita, kwa hiyo safari hizi hazipiti mlango huo.